Niliiua Runinga, Nikausingizia Umeme

Mimi ni fundi wa runinga mjini Lushoto. Naandika kukiri kosa nililomfanyia mteja, kisha nikalifunika kwa uongo. Kosa lenyewe ni la kazi na fundi yeyote anaweza kuteleza. Uongo ndio ulioninyima amani. Nataka mafundi wenzangu wayasikie yote mawili, na wenye runinga wajue cha kutuuliza.

Mteja alikuwa mama mkulima wa mboga kutoka upande wa Lukozi. Runinga yake janja ilikuwa ikiwaka taa, inaonyesha nembo ya kampuni, inaganda papo hapo. Ukiizima na kuiwasha, nembo tena. Ugonjwa huu sasa unatuletea wateja wengi. Runinga za zamani zilikufa kwa kapasita kuvimba au flaibeki kuungua. Hizi za leo ni kompyuta, na kompyuta haiamki bila kumbukumbu yake. Kumbukumbu hiyo ni chipu nyeusi ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, iliyolehemiwa kwenye bodi, nasi mafundi tunaiita eMMC. Humo ndani mna programu ya kuamshia, mfumo mzima, na sehemu ndogo yenye mambo ya runinga ile peke yake: namba yake ya mtandao, funguo za kufungulia filamu za kulipia, mipangilio ya kioo chake.

Chipu hiyo huzeeka. Kumbukumbu ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, miaka ya 1980, hutunza data kwa kunasa chaji za umeme, na kila sehemu yake hustahimili kufutwa na kuandikwa upya kwa kiasi, halafu inachoka. Runinga janja huandika mambo yake chinichini hata wewe ukiwa unatazama taarifa ya habari tu. Wakubwa nao yamewakuta: mwaka 2021 Tesla ya Marekani iliita magari takribani 135,000 yarudishwe karakana kwa sababu eMMC zake za gigabaiti 8 zilikuwa zinachoka na skrini zinazima. Kwetu milimani kuna la ziada. Mvua zikikolea miti huangukia nyaya, na umeme ukikatika wakati chipu inaandikwa, data hubaki nusunusu.

Kanuni ya kazi hii tunaijua sote: kabla hujaandika chochote, soma chipu yote na uhifadhi nakala. Unalehemu nyaya nyembamba kwenye bodi, wa mapigo, wa amri, wa data na wa graundi. Unahakikisha volti za laini zake, maana ziko za 1.8 na ziko za 3.3, na ukikosea unaunguza. Kisha unaiacha mashine ya kusomea chipu isome. Gigabaiti 8 zikipita kwenye waya mmoja wa data zinaweza kula saa nzima na zaidi. Chipu za miaka ya karibuni hukuambia hata umri wake, zimetumika asilimia ngapi ya maisha yake, ukiziuliza.

Sikuuliza umri. Sikuhifadhi nakala. Mama alikuwa anawahi gari la kurudi, kibanda kilijaa, na mtandaoni nilikuwa nimeshapakua faili la runinga ya modeli ileile. Nikaliandika juu ya chipu. Kazi ikafika katikati, mashine ikaleta hitilafu. Nikarudia. Chipu ikagoma, haikutambulika tena. Ilikuwa imechoka siku nyingi, nami nikaitwisha mzigo wa mwisho. Ningeisoma kwanza, huenda sehemu kubwa ya data ingetoka, nikaihamishia kwenye chipu mpya, na runinga ikaamka na funguo zake na kioo chake.

Mama aliporudi nikamwambia, "Mama, umeme umepiga chipu. Imeungua, haina dawa. Tutafute bodi."

Akaniuliza, "Sasa mwanangu, nikiweka bodi nyingine, umeme si utaiua tena?"

Hapo nilipewa nafasi ya kusema kweli. Nikamwambia anunue stebilaiza.

Akanunua vyote viwili. Bodi iliyotumika iliagizwa Kariakoo, ikaja na basi hadi Mombo, ikapandishwa mlimani. Haikuwa ya kioo kilekile: picha ilitoka kichwa chini miguu juu. Niliigeuza kwenye menyu ya mafundi, ila rangi hazikurudi kama mwanzo. Na ufundi nikatoza. Alilipa nusu siku ile, nusu gari la kabichi liliporudi kutoka Dar es Salaam.

Nilidanganya kwa sababu mji ni mdogo na jina la fundi ndilo mtaji wake. Niliona afadhali lawama ibebwe na umeme, maana hauji kibandani kujitetea. Sikufikiri kwamba nimemuuzia mtu hofu, na kwamba majirani zake nao wangeanza kununua stebilaiza kwa ushuhuda wangu.

Baadaye nilimfuata nyumbani. Nikamwamkia, nikakaa, nikaeleza yote. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Bodi pengine ningenunua tu. Stebilaiza je?" Nilimrudishia hela ya stebilaiza na ya ufundi. Ya bodi naendelea kuilipa kidogo kidogo. Hakusema amenisamehe. Alisema amesikia.

Fundi mwenzangu, nakala kwanza, hata foleni ikifika barabarani. Chipu ikikataa kusomeka, mwambie mwenye mali kabla hujaigusa, aamue mwenyewe. Na ukiharibu, sema umeharibu.

Nawe mwenye runinga, ikianza kujisasisha usiizime. Ikiganda kwenye nembo, usikubali haraka kwamba bodi imekufa. Muulize fundi: umeisoma chipu kabla ya kuiandika? Nakala iko wapi? Uonyeshwe faili lenyewe kwenye kompyuta yake. Akishindwa kukuonyesha, mdai maelezo kabla hujatoa hata shilingi, hata kama fundi huyo ni mimi.