Tulikwenda Kutazama Jua

Wahenga walinena kwamba safari ni hatua. Msemo huo tuliufundisha madarasani kwa miaka mingi, kana kwamba maana yake huishia pale msafiri anapofika aendako. Ilitubidi kwenda kutazama jua likipatwa ndipo tukatambua kwamba hatua za kurudi nazo ni safari. Twawasimulia walimu wenzetu kisa hiki, si kwa kujisifu, maana hakina sifa kwetu, bali kwa kuwa huenda siku moja nao wakataka kuwachukua wanafunzi wao katika safari kama hiyo.

Tarehe 3 Novemba 2013, siku ya Jumapili, kivuli cha mwezi kilianzia bahari ya Atlantiki, kikapita Gabon na nchi mbili za Kongo, kikaikata Uganda upande wa kaskazini, kikavuka Kenya penye Ziwa Turkana, kisha kikaishilia Ethiopia na Somalia. Hapa Uganda, mahali palipotajwa sana pa kutazamia ni Pokwero, karibu na mji wa Pakwach, ambao wakati huo ulikuwa katika wilaya ya Nebbi. Nasi tulikuwa tukifundisha Kiswahili katika shule moja iliyoko kusini ya Karuma, kando ya barabara kuu ya Kampala na Gulu. Tuliona kwamba bahati imetujia mlangoni. Nani angekubali kuambiwa baadaye kwamba jua lilifunikwa karibu naye hivyo, naye amekaa nyumbani?

Basi tukajiandaa, na maandalizi yetu yalikuwa mazuri kwa kadiri tulivyoyafahamu. Chama cha Kiswahili cha shule kilikutana kwa majuma matatu. Tulieleza kwa nini husemwa jua "limepatwa": kitenzi ni cha kutendwa, jua ndilo litendwalo, na mwezi ndio utendao, kwa kuwa huja ukasimama baina ya jua na dunia. Tulionya kwamba jua halitazamwi kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida ya jua, kwa sababu miali yake huunguza jicho pasipo maumivu ya kumtahadharisha mtu. Tulipata miwani maalumu ya karatasi, mmoja kwa kila wanafunzi wawili. Tulihesabu mikate, tulihesabu chupa za maji, tulihesabu nauli. Tukaandika yote katika daftari, tukaridhika.

Aliyelitia dosari daftari letu ni dereva wa basi dogo tulilolikodi, mzee mwenye maneno machache. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Walimu wangu, hesabu ya kwenda nimeiona. Ya kurudi iko wapi?"

Tukamjibu kwamba tutarudi usiku uleule. Jumatatu ilikuwa siku ya masomo, mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa imekaribia, na fedha za malazi hatukuwa nazo.

Akasema, "Jua litapatwa saa kumi na moja na kitu, jioni. Mwezi ukishaliachia, halitarudi kuwa la adhuhuri. Litatua. Na watu wote watakaokuwa kule watataka barabara ile ile moja, kwa saa ile ile moja. Tulale huko, hata darasani juu ya mikeka, tutoke alfajiri."

Tulicheka. Tulimwambia kwamba ni mwendo wa saa chache tu. Yeye ni dereva, sisi ni walimu, nasi ndio tuliokuwa na fedha. Hakubishana tena.

Kuhusu tuliyoyaona Pokwero hatutasema mengi, kwa kuwa kalamu yetu haitoshi. Mwangaza ulififia, ukawa wa namna ambayo si asubuhi wala magharibi. Upepo ukapoa. Kisha giza likaingia ghafula, Zuhura ikang'aa mbinguni, na palipokuwa na jua pakawa na duara jeusi lenye taji jeupe. Watu walipiga kelele, wengine waliomba Mungu, wengine walilia. Muda wote huo ulikuwa sekunde zipatazo ishirini. Msichana mmoja wa kidato cha pili alitoa daftari, akaanza kulichora lile taji kabla halijamtoka machoni.

Ndipo kila mtu akageuka akalitafuta gari lake. Watu waliokuwa wamefika kwa nyakati mbalimbali, tangu juzi, tangu jana, tangu alfajiri, sasa waliondoka kwa dakika moja. Pikipiki, malori yaliyobeba watu, magari ya wakubwa, mabasi ya shule, yote yaliingia katika vumbi lile moja. Tulipolivuka daraja la Nile hapo Pakwach, usiku ulikuwa umekwisha ingia, na mbele yetu kulikuwa na barabara ipitayo kando ya mbuga ya wanyama, isiyo na taa, ambapo tembo hukatiza wapendapo. Dereva alikwenda polepole. Sisi tulitazama saa zetu, tukamhimiza. Nyuma wanafunzi walikuwa wakiimba wamesimama. Tuliwaruhusu, kwa kuwa furaha yao ilikuwa yetu pia.

Kabla ya kufika njia panda ya Karuma kulikuwa na lori lililoharibika katikati ya njia, bila taa yoyote. Mwenyewe alikuwa ameweka matawi ya miti barabarani, kama ilivyo desturi, lakini magari yaliyotutangulia yalikuwa yameyasagasaga. Dereva aliliona lori limekwisha kutukaribia. Akakata usukani, basi likaingia majanini, likasimama limeinama upande. Lau angekuwa amekwenda mwendo tuliomhimiza, leo tusingekuwa na wa kuandika habari hizi. Walioketi hawakuumia. Yule msichana wa daftari alikuwa amesimama, akiwaonyesha wenzake mchoro wake. Alianguka, akavunjika mkono.

Mama yake alikuja hospitalini usiku wa manane. Alikuwa mchuuzi wa sokoni, na Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hatujapata kusikia Kiswahili kilichonyooka kuliko kile. Hakupiga kelele. Alituambia, "Walimu, mlikwenda kutazama jua. Mbona hamkutazama njia?" Hatukuwa na jibu siku ile, wala hatunalo leo. Mkono ulipona. Mzee dereva hakutukumbusha hata mara moja kwamba alitwambia.

Baadaye tulikuja kufahamu kwamba kosa letu si la nchi maskini peke yake. Jua lilipatwa kikamilifu nchini Marekani tarehe 21 Agosti 2017, na watafiti wawili wa Canada waliochapisha matokeo yao mwaka 2024 walikuta kwamba, katika siku tatu za tukio lile, idadi ya watu waliohusika katika ajali za vifo ilizidi ile ya kawaida kwa kiasi cha asilimia 31. Huko kuna barabara pana na taa. Haikuwa giza la mwezi lililowaua watu, maana giza lile ni la dakika mbili tu. Wingi wa magari, njia wasizozizoea, na haraka ndivyo vilivyowadhuru.

Kwa hiyo, ndugu walimu, hesabu ya kurudi na iandikwe ya kwanza. Fikeni siku moja kabla, mkalale, hata iwe juu ya mikeka ya darasa. Jazeni mafuta kabla ya kuingia katika umati. Liegesheni gari mbali na barabara, wala msisimame njiani kutazama juu, kwani aliye nyuma yenu naye huenda anatazama juu. Dereva asivae kamwe ile miwani ya giza akiwa kwenye usukani, na watoto wasiivae wakiwa ukingoni mwa njia. Jua likiachiwa, msikimbilie gari; kaeni, imbeni, chora picha anayechora, umati upungue. Wakati wa mwendo kila mtoto aketi. Na dereva akisema neno, lisikilizwe, kwa maana njia ndiyo taaluma yake.

Tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa kwa umbo la pete, na njia ya kivuli itapita Angola, Zambia, Kongo na Tanzania. Tukijaliwa uhai tutawapeleka wanafunzi wetu. Kila tunapokumbuka safari ile ya kwanza hutujia duara lile jeusi na taji lake, kisha hutujia sauti ya yule mama. Tumeanza kuweka akiba ya fedha za malazi tangu sasa.