Albamu ya upande mmoja

Wacha nianze na aibu. Machi 2025 niliweka video ya dakika mbili nikisema albamu mpya ya Jason Isbell, Foxes in the Snow, ni mzee wa miaka 46 amekaa na gitaa nje ya mlango wa bibi wa zamani akilia. Watu walicheka sana. Shida ni kwamba nilikuwa nimeskiza nyimbo tatu pekee, na ya tatu niliikata katikati juu bando ilikuwa inaisha.

Kwa wale hamumjui: Isbell ni mtu wa Green Hill, Alabama, anaimba kantri iliyochanganywa na roki. Alisoma Chuo Kikuu cha Memphis akatoka bila kumaliza (ndiyo, hapo ndipo nilimpendea, msinicheke). Akiwa na miaka 22 akaingia bendi ya Drive-By Truckers, akatoka 2007, na pombe ilikuwa imemshika vibaya. Akaiacha 2012, na mmoja wa waliomsukuma aende kutibiwa ni Amanda Shires, mcheza fidla, ambaye walioana 2013. Mwaka huohuo akatoa Southeastern, yenye "Cover Me Up", wimbo aliomwandikia huyo Amanda. Kuna watu Marekani wameingia ukumbini siku ya harusi na wimbo huo. Halafu Desemba 2023 Isbell akaenda kotini kuomba talaka.

Sasa elewa venye hii albamu ilipokelewa. Ilitoka tarehe 7 Machi. Bendi yake, The 400 Unit, haiko. Ni yeye na gitaa moja la Martin la mwaka 1940, siku tano ndani ya Electric Lady, ile studio ya Jimi Hendrix kule New York. Nyimbo 11. Wahakiki wengi waliisifu, na neno lililorudi kila mahali ni ukweli. Ati jamaa amejianika. Ati hakuna pa kujificha. Wengine walikuwa baridi kidogo, wakasema kuna mahali anajitetea zaidi ya kujichunguza, na kwamba nyimbo za mapenzi mapya hazina uzito kama zile za kidonda. Mimi nilisoma hayo yote baada ya kuweka video yangu, si kabla, na ndiyo yaliyonirudisha kuiskiza albamu mzima kama mtu mwenye adabu.

Manze, ni nzuri. "Bury Me" inaanza na sauti tupu, gitaa halijaingia, unashtuka kama mtu ameanza kuimba ndani ya nyumba yako. "Gravelweed" ndiyo bora kwangu: anaomba radhi kwamba zile nyimbo zake za zamani za mapenzi sasa zina maana nyingine. Hebu fikiria uzito wa hiyo kitu. Watu wameoana na wimbo wako, na wewe mwenyewe huwezi kuuimba bila kuomba msamaha. Halafu kuna "True Believer", ya hasira, ya mtu amechoka kuambiwa ndiye alimvunja mwenzake moyo. Hiyo niliirudia mara kumi. Mtu akisema upande wake bila kuogopa, mimi huwa nasimama nampigia makofi.

Pasaka nikaenda Nakuru kwa mzee. Mzee wangu ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, na nimekulia ndani ya kaseti zake za Don Williams na Kenny Rogers. Mkenya wa umri wake akiskia kantri hata haulizi inatoka wapi, ni muziki wa nyumbani. Nikamwekea Isbell kwa spika ndogo tukila. Alinyamaza nyimbo tatu, nne. Ilipofika "True Believer" akaweka kijiko chini.

"Huyu jamaa anajua gitaa," akasema. "Lakini bibi yake yuko wapi hapa?"

"Hayuko, mzee. Hii ni albamu yake yeye."

"Aah." Akachukua kijiko. "Kama ile video yako."

Sikuuliza video gani.

Wale mmenifuata kitambo mnaijua. "Kwa Nini Niliacha Chuo." Ndiyo ilinifungulia hii kazi, watazamaji zaidi ya laki mbili. Niliketi kwa kitanda, taa ya duara usoni, nikaeleza venye baba alishindwa kulipa karo na nikalazimika kurudi nyumbani mwaka wa pili. Mliniandikia mkasema asante kwa ukweli wako. Wengine mlituma pesa. Mmoja aliandika kwamba wazazi kama hao hawafai kuzaa, na mimi nikampa moyo. Nilibonyeza mimi mwenyewe, na kidole changu.

Karo ilitumwa. Yote ya muhula huo, mara moja, na ujumbe wa "soma kwa bidii kijana". Niliinunulia kamera ya mtumba na hiyo taa ya duara mliyoiona. Nilidhani nitairudisha kabla ya mtihani. Sikuirudisha, sikuruhusiwa kufanya mtihani, na mzee alipogundua akakataa kutuma tena. Kwa hivyo "baba hakulipa karo" ni kweli kwa muhula mmoja, ule wa baadaye. Uchungu wangu kwa ile video pia ulikuwa wa kweli, machozi sikuyaigiza. Hiyo ndiyo sehemu inanisumbua. Sikuwa nadanganya venye mtu hudanganya. Nilikuwa naimba na gitaa moja.

Taniboi wake ndiye alimwonyesha, wakiwa wamekwama kwa foleni ya malori Malaba. Hiyo ni miaka miwili kabla ya hiyo Pasaka. Miaka miwili alikuwa ananipigia kila Jumapili kuniuliza kama nimekula.

Septemba hiyohiyo Amanda Shires akatoa yake, Nobody's Girl. Kuna wimbo unaitwa "The Details", na ukiuskiza huhitaji kuambiwa anaongea na nani. Nilitarajia nitachagua upande, juu hiyo ndiyo kazi yangu hapa, kuchagua upande na kuita watu wabishane. Sikuweza. Bado naona Foxes in the Snow ni albamu nzuri. Nilichobadilisha ni kwamba sitaki tena kumpa mtu alama ya ukweli kwa sababu sauti yake inatetemeka.

Ile video nimeificha jana usiku. Najua kuna mwenye ataniambia ningeiacha na niweke maelezo chini, labda uko sawa. Pesa mlizotuma, jumla yake ni shilingi 11,400, nimeziandika. Aliyetuma na anataka zirudi, nitumie ujumbe, nitalipa polepole.

Mzee hajui kama nimeandika hii. Jumapili napanda matatu ya Nakuru. Nobody's Girl nimeshaiweka kwa simu, juu aliposhuka mezani siku ile alisema ukipata ya huyo mama, niletee.