Kuruka si Kuteleza

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na kalamu yangu nyekundu haikumhurumia mwanafunzi aliyeweka kitenzi pasipo mahali pake. Mwaka huu kosa la namna hiyo limeniponza mimi mwenyewe.

Nilipostaafu nilinunua baiskeli ya umeme, maana Tanga ni mji wa baiskeli na magoti yangu yamechoka. Mota yake imo katika kitovu cha gurudumu la nyuma. Baada ya miezi kadhaa nilianza kuhisi pedeli zikinikwepa: nakanyaga, mguu unashuka mtupu, kisha pedeli zinashika tena kwa kishindo. Nikamwambia muuza vipuri, “Mnyororo unaruka.” Akaniuzia mnyororo mpya. Ugonjwa ukabaki pale pale, ila mota iliuficha. Nguvu yake huingia gurudumuni bila kupitia kwenye mnyororo, kwa hiyo baiskeli ilikwenda, nami nikajidanganya kuwa imepona.

Jioni moja nikitoka Raskazone na mjukuu wangu nyuma, betri iliisha. Katikati ya kuvuka barabara nilikanyaga kwa nguvu zote; pedeli zikazunguka, baiskeli ikasimama. Lori lilikuwa linakuja. Mtoto aliruka chini, nami nikaikokota baiskeli hadi ukingoni. Dereva alifunga breki, akatutazama, wala hakututukana. Kimya kile kilinichoma kuliko tusi.

Asubuhi yake nilikwenda kwa fundi mmoja Ngamiani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mnyororo bado unaruka.”

“Unaruka, mwalimu, au friwili inateleza?”

Sikuwa na jibu. Akazima umeme, akaomba chaki dukani kwa jirani, akachora alama mbili zinazotazamana: moja kwenye gia ya nyuma, nyingine kwenye kitovu. Akaniambia nibane breki ya nyuma, naye akaikandamiza pedeli mbele. Mnyororo haukuruka hata jino moja. Gia ilizunguka pamoja nao, alama yake ikaiacha ile ya kitovu.

Akanieleza kwamba ndani ya friwili mna vijipande vya chuma vinavyoinuliwa na springi ili viume meno. Ukikanyaga, huuma na kulivuta gurudumu. Ukiacha, hupita juu ya meno, na huo ndio ule mlio wa ti-ti-ti. Nikakumbuka kwamba mlio huo ulikuwa umefifia siku nyingi.

Alichomoa betri na waya wa mota, akalitoa gurudumu, akamimina mafuta ya taa kwenye upenyo wa friwili huku akiizungusha. Ukatoka uji mweusi: grisi nzito niliyoishindilia mwenyewe nikidhani ninatunza. Ilikuwa imevigandisha vile vijipande. Mlio ulirudi, lakini tulipoijaribu kwa uzito wangu iliteleza tena, kwani meno yalikwisha kulika. Basi akaifungua kwa ufunguo wake maalumu, kinyume cha mwendo wa saa, akapaka grisi kidogo kwenye nyuzi za kitovu, akaifunga mpya kwa mkono. “Utaikaza mwenyewe kwa kukanyaga,” akasema.

Ndugu wasomaji, tunabishana sana hapa kuhusu visawe. Kinachoruka huacha mahali kikatua pengine. Kinachoteleza hukosa kushika palipompasa kushika. Mwanafunzi angechanganya hivyo viwili, ningemkata nusu alama. Mimi nilinunua mnyororo nisiouhitaji na kumweka mtoto mbele ya lori.

Siku hizi mjukuu wangu hapandi kabla sijaliinua gurudumu na kulizungusha. Husikiliza ti-ti-ti, kisha husema, “Haya babu, twende.”