Jiko la Kioo

Ndugu walimu, kurasa hizi zimezoea kubeba ngeli na minyambuliko ya vitenzi. Leo twaomba ruhusa tuingie jikoni. Miaka mitatu iliyopita tulihamia nyumba ya kupanga hapa Kampala, tukakuta humo jiko la umeme lenye uso wa kioo cheusi, bapa kama meza. Tulifurahi mno. Nani asiyechoka kupepea sigiri ya makaa alfajiri, na vipindi vyaanza saa mbili?

Kioo hicho si kile cha dirishani. Mwaka 1953, mkemia S. Donald Stookey wa kampuni ya Corning, Marekani, alitia kipande cha kioo katika tanuri lililokusudiwa kufika nyuzi 600 za sentigredi. Likapanda hata 900. Kipande kiligeuka cheupe, na kilipomponyoka kikaanguka, hakikuvunjika. Kutokana na ajali hiyo kilizaliwa kioo cha namna mpya, chenye tabia ya kauri. Katika jiko letu, nyaya huwaka chini ya kioo cha jamii hiyo. Joto hupanda moja kwa moja hadi kwenye sufuria, wala halienei sana pembeni.

Usafi wake hauna mfano: kikisha kupoa, kitambaa chenye maji chatosha. Lakini sufuria zetu za alumini, zilizobenuka vitako kwa miaka ya makaa, ziliyumba juu yake, na ndizi zikachelewa kuiva. Kusonga posho ndiyo balaa: mwiko ukisukuma, sufuria huteleza, na chembe moja ya mchanga huchora mstari usiofutika. Umeme ukikatika, sigiri hurudi kazini bila kinyongo.

Hayo yote tungaliyasamehe kama si siku ile mama yetu alipotutembelea. Tulikuwa tumekwisha epua chai. Wekundu wa nyaya ulikwisha toweka. Kilibaki kijitaa pembeni, cha kuonya kwamba joto bado limo, ambacho hatukuwa tumemweleza maana yake. Mama aliinama kuokota kijiko, akaegemeza kiganja juu ya ile "meza".

Tuliuweka mkono wake chini ya maji ya bomba kwa muda mrefu. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwani moto wenyewe uko wapi?"

Sisi tunaofundisha vitenzi kama koleza na chochea tulikosa la kumjibu. Maisha yake yote moto ulikuwa na rangi, na mlio, na harufu; ulimpigia hodi kabla haujamgusa. Huu wetu ulimnyamazia.

Kidonda kilipona. Jiko bado tunalitumia, maana asubuhi hazingoji. Mama akija hupikia barazani kwenye sigiri, nasi humchotea maji. Na tangu siku hiyo, kila aepuaye sufuria nyumbani mwetu hutamka kwa sauti, "Moto upo!" hata akiwa peke yake.