Wageni Wawili

Tumeishi Karatu miaka 31, na nyumba yetu iko karibu na barabara kuu iendayo Ngorongoro. Kila asubuhi magari ya watalii hupita. Tumeyaona yakipita tukifagia uwanja, tukienda shuleni kufundisha, tukipukuchua mahindi, na Jumapili tukielekea ibadani. Katika miaka hiyo yote hatukuwahi kuyafuata yanakokwenda. Tulijua kama kila mtu wa Karatu anavyojua: kuna kreta, kuna wanyama, kuna baridi. Lakini moyoni tulisema hilo ni jambo la wageni. Tumewafundisha watoto wa Shule ya Jumapili habari za uumbaji kwa picha ya simba kitabuni, na simba wenyewe wako ng'ambo ya mlima tunaouona kila siku.

Tunaandika ushuhuda huu sisi wawili, mume na mke, walimu wastaafu. Tumekubaliana kuuandika pamoja kwa sababu kosa tulilifanya pamoja. Palipo na neno kali lililosemwa tutasema tu "mmoja wetu", wala hatutasema ni nani, maana yule mwingine alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kukubali.

Mwanetu wa tatu alifaulu vizuri kidato cha sita. Tulikuwa tumeshawaambia watu usharikani kwamba huyu atakwenda Makumira kusomea uchungaji. Yeye hakuwa ameahidi kitu. Tuliahidi sisi kwa niaba yake. Aliposema anataka kwenda Arusha kusomea kazi ya kuongoza watalii, nyumbani hapakukalika. Mmoja wetu akamwambia, "Kwa hiyo tumekusomesha ukawe dereva wa Wazungu?" Akaondoka na begi moja. Tangu siku hiyo, watu walipotuuliza habari za watoto, tulisema mkubwa ni muuguzi, wa pili ni mwalimu, wa mwisho yuko chuo. Kuhusu wa tatu tulisema, "Yupo Arusha." Basi, tukahamia habari nyingine.

Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, wageni waliacha kuja, na kazi yake ikasimama. Akarudi nyumbani. Miezi kadhaa alilima nasi mahindi na mbaazi bila kulalamika. Jioni moja mezani mmoja wetu akasema, "Si tulikuambia?" Hakujibu. Alimaliza chakula, akaosha sahani yake, akaenda kulala. Wageni waliporudi, naye akarudi Arusha. Baada ya hapo alikuwa anakuja Krismasi kwa siku moja, na kila mwezi alituma pesa kwa simu. Kwa pesa hizo tulinunua mabati. Fungu la kumi lake tulilitoa kanisani bila kupunguza hata shilingi. Lakini katika maombi ya familia, jina la aliyezituma hatukulitaja wakati wa shukrani. Tulilitaja tulipowaombea waliopotea.

Mwezi Mei mwaka jana akapiga simu. "Baba na Mama, Jumamosi msipange shughuli. Vaeni nguo nzito. Nitawafuata saa kumi na moja na nusu alfajiri." Ulikuwa msimu wa wageni wachache, na kampuni anayofanyia kazi ilikuwa imemkodisha gari kwa bei ya mfanyakazi. Hata hiyo bei ya mfanyakazi, tulikuja kujua baadaye na si kwa kinywa chake, ilizidi pensheni yetu ya mwezi. Alikuwa akiilipa kidogo kidogo tangu mwaka mpya.

Tukabeba chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, maana hatukujua kama mgeni hubeba chakula au hupewa. Akaja na Land Cruiser yenye paa la kunyanyuka, amevaa sare ya kazi iliyopigwa pasi. Akatuamkia, akatufungulia milango, akatufunga mikanda. Kisha akakaa kwenye usukani, akainamisha kichwa. Tukamuuliza kama anaumwa.

"Naomba," akasema. "Huwa naomba kabla ya kila safari. Nina roho za watu humu ndani."

Hatukuwa tukijua. Miaka yote hiyo tulikuwa tukimhesabu miongoni mwa waliopotea, na yeye alikuwa na ibada yake kila alfajiri, nyuma ya usukani, mbele ya watu ambao wengine wao hawajui hata jina la Yesu.

Kwenye geti la Lodoare askari akauliza, "Wageni wangapi?" Mwanetu akajibu, "Wageni wawili." Ni lugha ya kazi, tunajua. Hata hivyo tulitazamana.

Juu ya ukingo wa kreta, kimo cha zaidi ya mita 2,200, ukungu ulikuwa mzito kama maziwa. Tulisimama mahali pa kutazamia tusione hata hatua kumi mbele. Baada ya dakika ishirini mmoja wetu akasema twende tu, baridi imezidi. Mwanetu akacheka kidogo. "Hapa huwezi kuharakisha. Wageni hulipa pesa nyingi, lakini ukungu hauangalii risiti." Tukangoja. Ukaanza kupasuka upande wa magharibi, kisha ukafunguka wote, na chini yetu, mita kama 600, ikalala nchi nzima: majani ya kijani, ziwa la magadi linalong'aa, vivuli vya mawingu vikitembea. Akatuambia eneo lile la chini ni kilomita za mraba zipatazo 260, na kwamba hapo palikuwa na mlima mkubwa wa volkano uliojibomokea wenyewe kati ya miaka milioni 2 na 3 iliyopita. Zamani mmoja wetu angemkatiza hapo aanze kubishana kuhusu siku sita za uumbaji. Safari hii tulinyamaza. Hatukuwa tumepata jibu. Ila kwa mara ya kwanza tulikuwa tunamsikiliza.

Mbele kidogo, kando ya barabara, akasimamisha gari kwenye mnara wa mawe. Ni kaburi la Wajerumani wawili, Michael Grzimek na baba yake Bernhard. Baba alikuwa daktari wa mifugo na mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Yeye na mwanawe walirusha ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda, wakihesabu wanyama wa Serengeti. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai ikaanguka, Michael akafa akiwa na miaka 24. Baba aliishi miaka 28 baada ya mwanawe, akiendelea na kazi ile ile. Alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa Ngorongoro yakazikwa kando ya mwana.

"Walifanya kazi moja, baba na mwana," mwanetu akasema, akawasha gari. Hakutuangalia aliposema hivyo. Alikuwa anaieleza kama anavyowaeleza wageni wote. Lakini sisi hatukuwa na la kusema mpaka tulipoanza kuteremka njia ya Seneto.

Njiani tuliona Wamaasai na ng'ombe zao. Alitukumbusha kwamba walikuwa wakiishi hata chini kwenye kreta mpaka mwaka 1974, na kwamba tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni. Jambo hilo lina maumivu yake, na tunawaomba wasomaji waikumbuke katika maombi kila familia iliyoacha makaburi ya wazee wake.

Chini kule tuliona kazi ile tuliyoiita udereva. Alizima injini mahali ambapo sisi hatukuona kitu. Akatuonyesha swala: wote walikuwa wamegeuza vichwa upande mmoja. Tukangoja, na kutoka kwenye majani akainuka simba jike, nyuma yake wawili wengine. Akatueleza kwamba mwaka 1962, baada ya mvua nyingi, nzi wanaouma waliongezeka wakawashambulia simba wa kreta hadi wakabaki kama 10 hivi, na karibu wote wa leo ni uzao wa wachache hao na wageni wachache walioteremka kutoka nje. Kwa darubini akatuonyesha faru mweusi, mbali, kama jiwe linalotembea. Katika miaka ya 1960 walihesabiwa zaidi ya 100 mle ndani, kisha majangili wakawaua hadi wakabaki wachache mno. Sasa wanalindwa usiku na mchana, na wanaongezeka. Tukamuuliza mbona hatujaona twiga. "Hawapo humu," akasema. "Kuta zina mteremko mkali, na chakula chao ni kidogo." Alijua kilichopo, na alijua pia kisichopo na sababu yake.

Tulimwaza Ayubu. Alipokuwa majivuni akidai majibu, Bwana hakumpa hoja. Ukisoma sura ya 38 na ya 39 utaona alimtembeza: akamwonyesha simba na mawindo yake, kunguru na makinda yake, mbuzi wa milimani wanaozaa bila mkunga, punda mwitu, mbuni, mwewe. Tumezisoma sura hizo mara nyingi tukidhani Mungu anamkemea Ayubu tu. Siku ile tulielewa kwamba mtu akikutembeza na kukuonyesha anachokipenda, anakuheshimu pia. Mwanetu angeweza kutupigia simu atudai maneno yetu. Badala yake alitufungulia mlango wa gari.

Saa saba tulifika chemchemi ya Ngoitokitok, mahali ambapo watu huruhusiwa kushuka kula. Viboko walikuwa wakipumua majini. Alituonya tule ndani ya gari kwa sababu ya mwewe, lakini mmoja wetu akashuka na chapati mkononi. Mwewe akaja kutoka nyuma, akapiga mara moja, chapati ikaenda. Mwanetu akashuka kuangalia kama mkono umekwaruzwa. Akaushika, akaugeuza, akaufuta damu kidogo kwa leso yake.

Hapo ndipo tulisema. Hatukuwa tumepanga maneno. Tulimwambia kwamba tulikosa. Kwamba tuliiaibikia kazi ambayo hatukuwahi kuiona. Kwamba alipokuja nyumbani akiwa na shida tulimpa chakula na kumnyima neno jema. Kwamba watu walipotuuliza habari zake tulijibu "Yupo Arusha", na kwamba hilo lilikuwa kumkana.

Alikaa kimya muda mrefu, bado ameushika mkono ule. "Lile neno la mwaka wa korona lilinikaa," akasema. "Mengine nilishayasahau. Hilo lilinikaa." Kisha akasema, "Nimesikia." Na baadaye kidogo, "Tuingie garini, saa zinakwenda."

Tulitamani alie, atukumbatie, yaishe pale pale. Hayakuisha. Tumejifunza kwamba anayeomba msamaha hana haki ya kupanga saa ya kusamehewa. Na huu nao ulikuwa kama ukungu wa asubuhi, wa kungojewa.

Katika msitu wa Lerai tulikuta tembo dume wazee, mmoja ana pembe zinazokaribia kugusa ardhi. Akatueleza kwamba tembo hupata magego mara sita maishani, na ya mwisho yakianza kuisha hutafuta majani laini ya kinamasi. "Kwa hiyo hawa ni wastaafu," akasema, akatutazama kwenye kioo. Mmoja wetu ana meno ya bandia. Tulicheka mpaka tembo akageuka kututazama. Tangu hapo aliacha kusema kama anavyosema na wageni. Akaanza kusema kama mtoto wa nyumbani, akitueleza mara aliyokwama kwenye tope usiku, na mgeni mzee aliyelia alipoona faru, na jinsi anavyokosa makande ya mama yake.

Tulipofika tena Lodoare kabla ya saa kumi na mbili jioni, askari mwingine akachungulia dirishani. "Wageni wawili?" akauliza, akitazama karatasi.

"Hapana," mwanetu akasema. "Hawa ni wazazi wangu."

Jumapili iliyofuata, wakati wa shukrani, tulisimama mbele ya usharika. Tukatoa sadaka yetu, tukataja watoto wetu wanne kwa majina na kazi zao, tukaeleza kwamba wa tatu ni mwongoza watalii na kwamba tulikuwa tumemficha. Wengine walishangaa, maana hawakujua kama tuna mtoto huyo. Ilitupasa kuwaambia, kwa sababu mbele ya watu hao hao tulikuwa tumemnyamazia.

Wapendwa, tumezoea kusoma habari za mwana mpotevu katika Luka 15 tukijiweka mahali pa baba anayengoja mlangoni. Sisi tulijiweka hapo miaka mingi. Kumbe tulikuwa yule kaka mkubwa, aliyekaa nyumbani karibu na kila kitu, asiingie karamuni. Ukiwa na mtoto, ndugu au rafiki ambaye watu wakikuuliza habari zake unajibu kwa maneno mawili, usingoje akufuate na gari alfajiri. Nenda ukaone kazi ya mikono yake. Ukimkuta kwenye ukungu, ngoja naye.

Sasa anakuja Karatu mara kwa mara, si Krismasi tu. Bado kuna siku anakuwa kimya, na hatumharakishi. Asubuhi magari yanapoanza kupita tunasimama uwanjani na fagio, na kwa kila dereva anayepita tunaomba maneno machache. Ana roho za watu mle ndani.