Nizwa: Wikiendi Iliyotuweka Sawa

Jamani, kuishi ughaibuni si mchezo. Ukiona picha za Muscat, barabara pana, majengo meupe na bahari ya bluu, unadhani huko watu wanakula bata tu. Kumbe unaweza kukaa kwenye fleti yenye kiyoyozi kila chumba na bado ukakosa hata mtu mmoja wa kumwambia shikamoo.

Mimi na mzee tulikuja Oman kwa mkataba wake wa kazi wa miaka miwili. Yeye ana ofisi, mimi nina televisheni. Mwezi wa nne nikamwambia waziwazi: "Baba, mimi narudi Dar. Utanikuta." Akanyamaza. Mashosti, mume akinyamaza namna ile, ujue ndoa imefika kwenye kona kali.

Basi bwana, siku moja niko kwenye lifti naongea na dada yangu kwa simu, mara mama mmoja mtu mzima aliyevaa baibui akanigeukia: "Mwanangu, watoka wapi?" Kiswahili cha Unguja, tena kile chenyewe! Msishangae. Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi ziliondoka visiwani. Sultan Qaboos alipochukua madaraka mwaka 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi, na wengi walirudi na Kiswahili chao mdomoni.

Yule mama akatukutanisha na binti yake na mkwewe, vijana wa rika letu. Haikupita wiki mbili, tukaalikwa Nizwa. Huku wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi tangu mwaka 2013, kwa hiyo tulitoka Ijumaa alfajiri, watu watano ndani ya gari moja, chupa ya kahawa miguuni kwa mama.

Nizwa iko kama kilomita 160 kutoka Muscat, na Ijumaa asubuhi ndiyo siku yake kwa sababu ya mnada wa mbuzi. Wanunuzi wanakaa na kusimama kwa duara, wauzaji wanawazungusha mbuzi wao katikati huku wakitaja bei kwa sauti. Mnunuzi anamshika mbuzi, anamkagua meno, anamwachia. Mzee wangu, mtoto wa Kariakoo, alisisimka mpaka nikamshika shati asije akarudi na beberu kwenye fleti!

Hatua chache kutoka hapo kuna ngome yenye mnara mkubwa wa mviringo, iliyojengwa katikati ya karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif. Juu ya milango kuna matundu ya kumwagia maadui asali ya tende iliyochemka. Shemeji yetu Mwomani akamwambia mume wangu, "Na wewe mkeo akikasirika uangalie juu." Tulicheka mpaka machozi. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka hivyo pamoja.

Sokoni tukanunua halua. Zafarani, iliki, samli na maji ya waridi. Ukiionja unajua kabisa kwamba ya Pemba ni ndugu yake wa damu.

Jumamosi tukapanda Jebel Akhdar. Kuna kituo cha ukaguzi pale chini, na gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne halipiti. Juu, kwenye uwanda wa Saiq, ni kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Joto la Muscat unalisahau. Ilikuwa Aprili, msimu wa waridi. Mashamba yamekaa kama ngazi ubavuni mwa mlima, maji yanashuka kwenye mifereji, na vijijini wanachemsha maua kutengeneza maji ya waridi.

Tulipokaa kupumzika, mama akaniuliza kama Forodhani bado kuna urojo. Nikamwambia upo. Akatikisa kichwa. "Mie nlilia mwaka mzima nilipokuja hapa. Kisha nkapanda mchaichai uwani. Ulipoota, nkasema, haya, basi ntakaa niuone."

Wala hakuniangalia. Ila mume wangu aliniangalia mimi.

Usiku ule, tumesharudi, hatukuwasha televisheni. Alikuwa wa kwanza kusema: "Mimi natoka asubuhi nakutana na watu. Wewe nilikuacha na kuta." Tukazungumza mpaka saa nane. Tukakubaliana: nitakaa mpaka mkataba uishe, nitaanza darasa la Kiarabu, na Ijumaa mbili kila mwezi simu ya ofisi inazimwa. Sijaacha kukumbuka nyumbani, lakini begi nimelirudisha juu ya kabati.

Kwa wapenzi mnaojiandaa kuhama, ushauri wangu ni huu: mshahara msiujadili peke yake. Jadilini pia nani atakuwa rafiki wa yule anayebaki nyumbani. Mkifika, kubalini mwaliko wa kwanza wa heshima mtakaopewa. Na kama ni Oman, nendeni Nizwa Ijumaa asubuhi na mapema, vaeni nguo za kujisitiri, bebeni sweta la mlimani.

Na kwenye lifti, ongeeni Kiswahili kwa sauti. Huwezi kujua nani anasikia.