Neno la Kumwambia Mama

Barazani tulizungumzia likizo ya mwaka mzima aliyopewa mwenzetu mhadhiri, na saa yake ya mkononi inayomhesabia hatua, mapigo ya moyo, hata usingizi. (Mwenyewe yuko mapumzikoni, saa haijapumzika.) Kisha rafiki yetu mjane akamtaja bwana aliyefahamiana naye kupitia programu ya simu, akauliza: "Nimwambie mama huyu ni nani wangu?"

Tukanyamaza. Mchumba? Posa haijaletwa, wala hakuna mshenga. Rafiki? Neno linampwaya. Hawara? Hilo ni tusi. Tarakilishi, rununu, kishikwambi: vyombo tumevibatiza upesi. Watu wazima wawili wanaochunguzana kwa heshima, kabla ya uchumba, tumewaacha bila jina.

Hadi leo hajampigia mama yake.